Mita Nane za Viwanja vya Wasichana

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi bandia, kamba mkononi, nikimalizia kuchora tao mbele ya goli la nane, ndipo binti yangu Héritière alipokuja na fimbo yake ya ukipa akasimama golini.

"Papa, hapa watanivunja meno." Mimi husema naye Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, tumezoeana. "Mstari uko karibu mno."

"Uko pale karatasi inaposema."

"Hauko. Ni mimi ninayesimama hapa kila siku, si karatasi."

Katika lakrosi ya wasichana, mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu, ukimchezea mpinzani vibaya ndani ya tao, yeye husimama kwenye mstari huo na kurusha mpira, mbele yake kipa tu. Mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe. Nikatoa karatasi mfukoni. Mita nane kutoka kwenye duara la goli. Kamba yangu ilikuwa na mafundo ya yadi, ambayo ni fupi kuliko mita.

Sikuwa nimesoma vibaya. Neno mita nililiona tangu Jumatano, nikaamua kwamba karatasi ilinakiliwa kutoka nchi nyingine.

Sababu yake ni ya mwaka 2011, mashindano haya yalipoanza. Joan, nesi Mkenya wa nyumba ya wazee ninakofua mashuka, alitafuta timu nne za wavulana zicheze kwa siku moja, kabla ya msimu kuanza, hapa mjini Champlin, Amerika, theluji ikiwa bado imelundikwa pembeni. Aliniomba nichore uwanja. Urefu ulikuwa mia na kumi. Nikapima mita mia na kumi, goli likaangukia kwenye mchanga wa wanariadha wa kuruka. Joan alicheka mpaka akamwaga chai. "Baba Héritière, Amerika hakuna mita. Sahau hiyo kitu kabisa!" Usiku ule nilifungua mafundo yote nikafunga mapya ya yadi.

Mwaka uliofuata zilikuja timu kumi. Kisha ishirini na sita, nyingine kutoka jimbo jirani la Wisconsin. Mwaka huu, 2017, ni timu sitini, viwanja tisa, na kwa mara ya kwanza wasichana wamepewa viwanja vinne. Jumatatu kamati ya mashindano inachagua mtu wa kutunza viwanja vyote hadi Oktoba, kwa mshahara. Joan amepeleka jina langu. Nikipata kazi hiyo, nitaachana na mvuke wa chumba cha kufulia.

Nikaketi juu ya ndoo ya rangi. Tofauti ni sentimita sabini hivi, na mechi ya kwanza ni kesho saa mbili asubuhi. Hakuna refa anayekuja na futi ya kupimia. Ningeweza kunyamaza.

Héritière alibaki golini, fimbo imeinuliwa, akiutazama ule mstari kama vile mtu amekwisha kusimama pale na mpira.

Nikampigia Joan.

Alifika na sare yake ya kazini, akazunguka tao, akalipima kwa hatua zake. "Goli ngapi?"

"Zote nane."

"Nane! Na nani alikudanganya ati huku hakuna mita?"

"Ni wewe, dada Joan."

Akashika kiuno. "Aki ni mimi." Akacheka, lakini si kama mwaka ule wa chai. "Sasa sikiza. Jumatatu nitaiambia kamati kila kitu, na kosa langu pia. Siwezi kuificha."

"Waambie."

"Wanaweza kumpa mwingine hiyo kazi."

"Najua."

Alivua koti akachukua brashi. Rangi hii hufutika kwa maji. Joan alisugua mistari, Héritière alibeba ndoo, nami nikafunga fundo jipya kwenye kamba, kisha nikalipima mara mbili kabla ya kupigilia kigingi katikati ya mstari wa goli. Kila tao lilipokamilika, Héritière alisimama golini kwanza, akatikisa kichwa kukubali, ndipo tukahamia lingine.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumemaliza magoli matano. Joan alipogusa la sita, maji yalikuwa yameanza kuganda kwenye nywele za brashi.

"Viwanja viwili na nusu," alisema. "Nusu haichezwi. Mechi za wasichana za asubuhi nitazibana kwenye hivi viwili. Hivyo vingine unipe saa nne."

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa hapa na maji ya moto."

"Tutakuwa," Héritière alisema, kwa Kiswahili. Joan alimgeukia, akaniangalia mimi, akaenda kuwasha gari.

Nilikizungushia kigingi kamba nikakiacha palepale, kwenye goli la sita, fundo jipya likiwa juu ili nilione mara nitakapofika.