Wimbi la Mjomba

Mjomba ndiye aliyemlea Sindano, akamsomesha, kisha akamwibia. Yeye alikuwa profesa wa kompyuta za kwantamu, na mpwa wake huyo, binti mwembamba aliyebatizwa jina hilo nyumbani kwa kukonda kwake, alikuwa mwanafunzi wake. Sindano alisota miaka akibuni jinsi ya kusaka kituo kimoja kilichofichwa ndani ya mtandao wa vituo na njia. Msakaji wa kawaida hupita kituo baada ya kituo. Wa Sindano alisambaa kama wimbi, akipita njia zote kwa pamoja, mpaka wimbi likajaa pale panapotafutwa.

Makala ya kazi hiyo ilipotoka katika jarida, ilikuwa na jina la mjomba peke yake. Alipoulizwa, alisema wao ni damu moja, sifa yake ni ya ukoo mzima. Mama akamsihi binti yake ayameze. Sindano akahamia maabara nyingine, na kinyongo chake akaenda nacho.

Maonyesho makubwa ambako mjomba angeonyesha usakaji huo hadharani yalipokaribia, alimpigia simu. Alizungukazunguka weee, akiulizia afya na kazi, mwisho akalitoa la moyoni.

"Mtandao wa safari hii ni mkubwa kuliko ule wetu. Wimbi nilisimamishe hatua ya ngapi, mwanangu?"

Huo "wetu" ulimchoma. Tena swali lenyewe ndilo lilikuwa roho ya kazi yote, kwa kuwa wimbi lile halitulii: likishajaa kituoni huanza kutawanyika tena, na anayechelewa kulipima huambulia patupu. Sindano alipiga hesabu, akapata idadi sahihi ya hatua, akaizidisha mara mbili, akamtajia. Mjomba akambariki.

Siku yenyewe Sindano alikaa mstari wa mbele. Mashine ilisaka mara ya kwanza, ikakosa. Ikarudia, ikakosa, kila mara ikionyesha kituo kingine. Fundi wa mashine akamwuliza profesa kwa nini anasimamisha pale. Mjomba akababaika, macho yakamtafuta mpwa wake. Sindano aliinuka taratibu, akamwambia fundi apunguze hatua kwa nusu. Kituo kikaonekana papo hapo, na ukumbi mzima ukaelewa kazi ilikuwa ya nani.

Mjomba alimfuata kwenye ngazi.

"Uliniangusha makusudi."

"Ndiyo, mjomba," alijibu kwa adabu zake zote.

Jarida lilisahihisha jina kabla ya mwezi kuisha. Mama hakupiga simu kumpongeza. Sindano alilala usingizi mnono.