Ishara ya Kushusha

Kunguru hakuitwa Kunguru kwa udokozi. Aliitwa hivyo kwa sababu maisha yake yalikuwa juu. Miaka kumi na tisa aliendesha kreni za majengo, na ukimtaka saa za kazi ilibidi uinue shingo mpaka ikuume. Akishapanda ile ngazi ya chuma asubuhi, vipandio mia mbili na kumi, hashuki mpaka mchana. Chini, penye vumbi na ngurumo za mashine ya zege, alisimama shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga ishara. Redio walipewa, lakini kwa kelele zile nani angesikia neno? Walielewana kwa mikono. Mikono yote miwili ikipanuliwa, simama. Kidole kikielekezwa chini na kuzungushwa, shusha. Hata arusini walisemeshana hivyo hivyo kutoka pembe mbili za ukumbi, shemeji akizungusha kidole chini: shusha hiyo sahani, umeshiba!

Ndipo maradhi yakaingia. Miezi minane Kunguru alimeza vidonge vya kisukari, na miezi minane alisemwa. Mkewe aliificha sukari, mama mkwe akamhubiria kuhusu soda, na shemeji, mdomo haumkai, akawa anamuuliza mbele za watu, "Vipi, wewe na keki mmeachana kweli, au mnaonana kwa siri?" Aliacha vyote, na bado akakonda mpaka akautoboa mkanda matundu mawili mapya kwa msumari. Vipimo viliporudiwa, daktari, dada mmoja mpole, akamwambia mambo haya si ya keki wala soda. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikilishambulia kongosho lake. Sasa ni sindano za insulini, kila siku.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Maisha, baba."

Mtu mzima na ndevu zake, akaenda kulia kwenye choo cha kliniki, bomba kalifungulia asisikike. Hakulilia sindano, alililia kile kibanda chake cha juu. Ukutani kwa msimamizi palibandikwa karatasi: anayetumia dawa inayoweza kumpotezea fahamu hapandi kreni mpaka daktari wa kampuni aamue. Na waliokwenda kwa daktari huyo, hakuna aliyerudi juu. Sasa chini angefanya nini yeye? Afagie? Mkewe peke yake ndiye aliyejua habari ya sindano, na aliapishwa asimwambie hata kaka yake.

"Baba Pacha, yule ndiye anayesimama chini ya mzigo wako," mkewe alisema.

"Ndiyo maana sitaki ajue."

Basi akajitungia ujanja. Alishaambiwa insulini ikizidi au asipokula, sukari hushuka, mtu akatetemeka, akili ikaruka. Kwa hiyo akawa anajidunga nusu tu. Sukari ikae juu, naye akae juu. Ujanja gani huo, jamani! Jioni alirudi na kiu ya kumaliza ndoo, macho yana ukungu, akalala bila kuongea na wanawe. Kliniki walipompima, yule daktari mpole alifoka: kwa mwendo huu utapoteza figo, utapoteza macho. Macho! Mwendesha kreni bila macho ni nani? Alirudi nyumbani kavunjika kabisa. Akijidunga kidogo anapofuka, akijidunga sawasawa huenda akazimikia juu.

"Mwili wangu umenigeuka," alimwambia mkewe, "na sina pa kuuhama."

Asubuhi iliyofuata alitii. Alijidunga kipimo kamili, akatia mkate na yai kwenye mfuko ili ale akifika kazini. Kumbe magari ya zege yalikuwa yamewahi. Msimamizi alimpokea langoni kwa makofi, "Kunguru, panda, panda, zege linaganda!" Akabadili nguo mbio mbio, akapanda. Nitakula juu, alijisemea. Alipoketi ndipo akakumbuka kwamba mfuko ameuacha kwenye msumari wa nguo, kule chini. Sasa asimamishe mjengo mzima, aseme anashuka kufuata yai? Akajikaza.

Ndoo ya tatu ya zege ilikuwa hewani mikono ilipoanza kutetemeka. Jasho jembamba likamtoka, ulimi ukawa mzito. Chini aliona kofia ya njano na mtu aliyepanua mikono yote miwili. Alimwona vizuri sana, akamjua hata jina. Lakini mikono ile inasema nini? Alitafuta kichwani, hola. Ishara aliyoiona kila siku kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imefutika, na tani mbili za zege zilizidi kwenda, kuelekea walipoinama mafundi wawili wakifunga nondo.

Shemeji alikimbia, lakini si kujiokoa. Aliwavaa wale mafundi wawili, wakaanguka wote chini, na ndoo ikapita juu ya mgongo wake ikaondoka na kofia. Juu, mkono wa Kunguru ulilegea ukaiachia gia, na mashine ikajisimamisha yenyewe, ndivyo zilivyotengenezwa.

Alipopata fahamu sawasawa, shemeji alikuwa kibandani, yeye anayeogopa hata kupanda kiti kubadili balbu. Alikuwa anamnywesha soda.

"Wiki tatu natembea na soda mfukoni," alisema, meno yakigongana. "Dada hakukitunza kiapo. Na mimi, mpumbavu, nikangoja uniambie mwenyewe."

Kunguru alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe dogo mno. Alilia tu, soda ikimchuruzika kidevuni. Shemeji alimfuta kwa mkono wa shati, na waliposhuka akamwambia msimamizi gia ilinasa. Msimamizi akaamini.

Kesho yake Kunguru alifika mapema. Amepima sukari, amejidunga, amekula mkate wake akiutazama mpaka kipande cha mwisho, mifuko yote miwili ya suruali imejaa peremende. Safari hii kila kitu sawa. Akashika ngazi, akapanda vipandio kumi, ishirini. Kazoea kabla hajafika mbali kumtazama mwenzake, basi akatazama chini.

Shemeji alisimama pale pale pa siku zote, na kofia mpya. Kidole chake kilielekea chini, kinazunguka.

"Nimekula!" Kunguru alipiga kelele. "Nimepima! Shemeji, nakuapia nimepima!"

Machozi yalimtoka shemeji hadharani, mbele ya mafundi wote, na hakuyafuta. Kidole kikaendelea kuzunguka.

Angeweza kugeuza uso, akapanda zake, akasingizia hakuona. Lakini aliona, na leo akili yake ilikuwa safi, ilielewa kila kitu. Akaanza kushuka, kipandio kimoja kimoja. Alipokanyaga ardhi, mikono yake ilikataa kuiachia ngazi, na shemeji akaja kuifungua kidole kwa kidole.