Kiingereza cha Apa Sarwat

Shairi ni la nani: la yule aliyeliona moyoni, au la yule aliyelipatia maneno? Zarqa alijiuliza swali hilo majira yote ya baridi, akiwa ameketi juu ya zulia karibu na kitanda cha Apa Sarwat, daftari magotini.

Kwa miaka arobaini Sarwat Gondal, ambaye wadogo zake wote walimwita Apa, yaani dada mkubwa, alikuwa ametunga kwa Kiingereza, na Lahore yote inayosoma mashairi ya Kiingereza, ambayo si kubwa, ilimjua. Washairi wa Kiurdu walipenda kumtania kwamba anawaandikia wafu wa London. Yeye alikuwa akiwajibu kwamba wafu angalau hawakohoi mtu anaposoma. Kisha, mwezi wa Novemba, kiharusi kilimwangusha bafuni. Mguu wake ulirudi polepole, mkono nao ukafuata kidogo, lakini Kiingereza hakikurudi. Kiurdu kilibaki vipande vipande. Kilichosalia kizima ni Kipunjabi cha kijijini kwao, lugha aliyoiacha akiwa na umri wa miaka tisa, siku alipopelekwa shule ya bweni ya watawa.

Ni kwa lugha hiyo alianza kutunga tena. Alitunga asubuhi, kabla gesi ya kupashia moto haijakatwa kwa mgao wa kila siku na chumba kupoa, akiwa amejifunika mfarishi hadi kidevuni. Naye Zarqa, mwanafunzi wake wa mwisho, aliandika kila neno. Bashiran, mpishi wa nyumba ile, alikuja kusimama mlangoni na unga mikononi. Miaka yote hiyo alikuwa ameingiza chai katika chumba kilichojaa mashairi asiyoyaelewa. Sasa Apa alipomaliza mstari, Bashiran aliurudia nusu yake kwa sauti, kama wafanyavyo watu kwenye mikutano ya washairi, kisha akaomba usomwe tena. Apa aliusoma tena, huku tabasamu lake likipanda upande mmoja tu wa uso.

Mstari aliouomba mara tatu ulikuwa huu: *Bomba la mkono lililia kwanza, ndipo likatoa maji, mama yetu alitoa bila kulia.* Baada ya mara ya tatu Bashiran alirudi jikoni, na chapati za siku hiyo ziliungua.

Huko nje, mchapishaji alikuwa akiingoja diwani mpya ya Apa, ya Kiingereza, aliyoiahidi kabla ya kuugua. Profesa Ghauri, aliyekiongoza kikundi cha washairi wa Jumamosi, alikuwa amepata njia. Zarqa atayageuza mashairi yale yawe ya Kiingereza. Kitabu kitatoka kwa jina la Apa peke yake. Habari za ugonjwa hazitatajwa. Alieleza hayo kwa upole, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Maisha yake yote, alisema, Apa ameambiwa kwamba Kiingereza chake ni cha kuazima. Watu wakisikia kimemtoka, watasema hakikuwa chake tangu mwanzo.

Zarqa alimwuliza kama huo si uongo. Profesa alimkumbusha desturi waliyolelewa nayo wote: mwanafunzi humpelekea mwalimu shairi, mwalimu hukata mstari dhaifu na kuandika juu yake ulio bora, na shairi hubaki la mwanafunzi. Hakuna anayeuliza mkono wa pili ni wa nani.

"Sarwat ametusahihisha sote, na wewe zaidi yetu," alisema. "Hajawahi kudai hata nukta. Sasa ni zamu yetu. Au wewe unataka jina?"

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu Zarqa alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na alilitaka jina. Kwa hiyo alikubali haraka kuliko alivyopaswa, ili asionekane kuwa analitaka.

Kazi ilimpa furaha ambayo hakuitarajia. Alipofika kwenye shairi la bomba, Kiingereza kiligoma. Kila alivyoligeuza, lilisikika kama taarifa ya idara ya maji. Siku ya tano aliliacha bomba, na badala yake yakamjia mengine: mwezi ulioanguka ndani ya ndoo, na mama aliyeubeba nyumbani bila kuumwaga. Aliandika bila kuinua kalamu. Jumamosi alikisomea kikundi shairi hilo, sebuleni kwa Apa walikozoea kukutana. Profesa alivua miwani akaifuta.

"Huyo ndiye Sarwat," alisema. "Mstari huo hakuna mwingine awezaye kuuandika."

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Zarqa alitazama vidole vyake. Hakuwahi kusifiwa namna hiyo maishani, na sifa hiyo ilikuwa imempita ikaenda kutua kwa mtu aliyelala chumba cha pili.

Siku mbili baadaye alimpelekea Apa shairi hilo, kwa kuwa hakuweza kulala nalo tena. Alilisoma kwa Kiingereza kwanza. Apa alisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu asikilizaye mvua. Kisha Zarqa alilieleza kwa Kipunjabi, neno kwa neno, na akakiri yote: kitabu, jina, na ahadi ya kunyamaza.

Apa alifumbua macho.

"Mwezi huu umetoka wapi?"

"Nimeutia mimi, Apa."

"Kwetu maji tulichota mchana. Jua kali. Mama alikuwa ananuka samadi, alikuwa ametoka kuikandika ukutani ikauke, iwe kuni." Alipumua. "Shairi langu linanuka. Hili lako limeoga."

Bashiran, mlangoni, alicheka kwa kikohozi. Zarqa naye alijaribu kucheka, badala yake machozi yakamtoka. Akaomba radhi, akasema ataufuta mwezi, atalirudisha bomba.

"Ukiufuta nitakuchapa kwa mkono huu mbovu," alisema Apa. "Ni zuri, mwanangu. Miaka mitatu nakukatia mistari nikikusubiri uandike hivi. Umeandika, halafu unaniletea mimi nilibebe? Mtoto ni wako. Mlee mwenyewe."

Zarqa alimweleza hofu ya Profesa: watu watasema Kiingereza hakikuwa chake. Apa, ambaye hakuwahi kuolewa, aligeuza uso dirishani, kwenye ukungu uliofunika bustani.

"Kile kilikuwa mume wangu," alisema. "Miaka arobaini tumelala kitanda kimoja. Amekufa, nimemlilia, nani ataniambia hakuwa wangu? Mwambie Ghauri asimvalishe mtu mwingine nguo za marehemu akaniletea chumbani."

Baada ya hapo alichoka. Alimwomba Bashiran figili yenye chumvi, ambayo daktari alikuwa amemkataza, na Bashiran akamletea vipande viwili vyembamba bila kubishana.

Jumamosi iliyofuata Zarqa alifika mapema, akasubiri wote wakae. Alikuwa akimheshimu Profesa kama baba, na alijua kwamba mzee yule hakutaka chochote ila kumkinga rafiki yake. Jambo hilo ndilo lililofanya ulimi wake uwe mzito. Aliwaeleza alichosema Apa, hata habari ya marehemu. Mtu mmoja alicheka, kisha akainamia kikombe chake. Profesa alisema kwa sauti ndogo kwamba mgonjwa huweza kusema leo hiki na kesho kile, na kwamba yeye aliyemjua Sarwat tangu wote wawili walipokuwa na nywele nyeusi hawezi kukaa akimtazama akidhihakiwa. Akauliza kama Zarqa amefikiria watu watakavyosema.

Zarqa alijibu kwamba amefikiria, na kwamba bado anaogopa. Alilitoa daftari mfukoni, akaliweka mezani kati ya vikombe, akasimama.

"Mashairi ya Apa yatachapishwa kwa Kipunjabi, kama alivyoyasema, kwa jina lake. Kwenye dibaji tutaandika kwamba aliugua na kwamba Kiingereza kimemtoka. Tafsiri zangu sizitoi. Lile shairi la mwezi ni langu. Jumamosi ijayo nitalisoma hapa kwa jina langu, nanyi mtalisahihisha."