Taa Isiyojua Mwezi

Wakala wa sola alivuka kutoka Muleba akaja hapa kisiwani Bumbire kutuuzia mwanga. Alinishikisha sola ndogo yenye taa, akasema bei ni rahisi hata kwa sisi wanyonge: unalipia kidogo kila siku, na siku usipolipia taa inajifunga yenyewe.

“Kila siku?” nilimuuliza. “Mimi nauza dagaa. Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwaka mitumbwi haiingii ziwani, na mfukoni hamna kitu. Nitalipa giza likirudi.”

“Mfumo haujui habari za mwezi, mama,” alijibu huku akicheka. “Halafu mwezi ukiwaka, taa ya nini?”

Nilimrudishia sola yake mkononi.

“Mwezi unawaka juu ya bati, kijana. Wanangu wanasomea chini yake.”