Ukoko wa Mama Émérence

Mama Émérence alikataa kabla Mouna hajamaliza kueleza. Alisikiliza vizuri tu mpaka likatajwa neno kuunguza bukari, ugali wetu wa hapa. Hapo akashika kiuno, na kila aliyekuwa jikoni akajua maongezi yamekwisha.

"Mimi? Niunguze bukari mbele ya kamera?" akauliza. "Mutoto wangu, jikoni humu niliingia wewe ukiwa bado unanyonya. Uliza muntu yeyote, kuanzia bandari mpaka gare ya treni. Bukari yangu haijaungua hata siku moja."

Mouna alikuwa binti wa Papa Djafari, mwenye restora. Alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi na kamera ya kuazima na kichwa kilichojaa vichekesho. Filamu yake haikuwa na tajiri wa kuigharamia. Ilikuwa ya siku moja katika restora, mkaguzi wa usafi anapokuja kula bila taarifa, na waigizaji walikuwa wafanyakazi wenyewe. Yote ilisimama juu ya kichekesho kimoja: mpishi anagombana na Pierre, anayehudumia mezani, mpaka anaisahau sufuria. Bukari inaungua. Mkaguzi anachungulia jikoni, na Pierre, kwa kukosa pa kuuficha ule ukoko mweusi, anauvaa kichwani kama kofia na kumsalimia kwa heshima zote.

Watu walicheka kwa kusimuliwa tu. Émérence hakucheka, na mimi simlaumu. Wengine wana shahada ukutani. Yeye alikuwa na bukari.

Tena kulikuwa na mama yake. Mama Julie alikuwa akiwapikia wafanyakazi wa reli kule Nyunzu, na tangu vita vimtoe huko aliishi kwa bintiye hapa Kalemie. Ndiye aliyemfundisha kusonga, na alimfundisha kwa maneno machache mno. Bukari ikiwa na vidonge, au ikinuka moshi kidogo tu, alisema, "Mwaga. Anza tena." Kuku wa jirani walinenepa. Bukari ikiwa nzuri, Mama Julie hakusema kitu, alinawa akala. Kwa miaka arobaini Émérence hakupata sifa nyingine kwa mama yake zaidi ya ule ukimya, na hakuwa tayari kuupoteza ili watu wacheke.

Basi Mouna akamleta Emilie, msichana wa kikundi cha maigizo cha parokia. Emilie alikuwa na sauti na macho ya kuchekesha, ila mkono wa jikoni hakuwa nao. Ukoko wa kwanza uling'ang'ania sufuria, ukakwanguliwa vipande vipande. Wa pili ulivunjika Pierre alipouinua tu. Wa tatu ulifuka moshi jiko zima, lakini ndani ulikuwa bado uji, na Pierre alipouvaa ukamtiririkia shingoni hadi ndani ya shati.

Émérence alikuwa mlangoni akiparua mikeke, samaki wa wateja wa mchana. Aliona yote. Kilichomchemsha hakikuwa kuungua kwa unga. Ilikuwa ni kuunguza ovyo namna ile, bila mpango, kana kwamba kuharibu hakuna kazi yake. Akaweka kisu chini.

"Toka pale, binti," akamwambia Emilie, wala si kwa ubaya. "Unaunguza kama muntu anakimbizwa."

Akachukua nafasi ya Emilie mbele ya kamera, akachagua sufuria kuukuu yenye tako nene. Akasonga bukari kama kawaida, safi, laini, akaipakua ikaenda kwa wateja, maana kutupa chakula kizuri ni dhambi hata kwenye filamu. Chini akabakiza tabaka la unene wa kidole. Akalikandamiza kwa mwiko uliolowa, akayatandaza makala hadi ukingoni mwa mbabula, lile jiko la makaa, kisha akaiacha sufuria. Kuiacha ndiko kulikokuwa kugumu. Mara mbili mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mwiko, akaurudisha. Harufu ilipopanda machozi yalimtoka, na hayakuwa ya moshi tu.

Kisha akaipindua sufuria, akaigonga mara mbili. Ukoko ukatoka mzima. Mweusi, wa mviringo, mkavu kote. Pierre akauvaa, ukamkaa sawasawa. Mouna alisahau hata kusema "Coupez!" kamera isimame.

Wakaipiga picha ile sehemu mara mbili zaidi, na mara zote mbili ukoko ukatoka vilevile. Mama Julie hakuambiwa kitu.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa parokia, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Pierre alipovaa kofia yake, ukumbi ulilipuka. Nyuma mtu akapaza sauti, "Mama Émérence ameunguza!" na kicheko kikaongezeka mara mbili. Émérence alitamani ardhi immeze. Akamtazama mama yake aliyeketi kando. Mama Julie hakuwa akicheka. Alikuwa ameegemea mbele, amekaza macho.

Taa zilipowashwa, bibi kizee akasimama.

"Munyamaze kwanza," akasema. "Munacheka kofia, hamuoni kazi. Ukoko umetoka muzima, hata ukingo haujakatika. Mimi nimepikia watu wa reli miaka yote ile, sikuweza kuutoa vile. Yule pale njo binti yangu."

Watu wakapiga makofi. Émérence alisimama bila kujua aweke wapi mikono, fahari imemjaa.

Kesho yake asubuhi alimkuta mama yake uani, mbabula inawaka, sufuria juu yake.

"Unionyeshe," Mama Julie akasema.

Akamwonyesha: unene wa kidole, mwiko wenye maji, makala ukingoni, kisha kungoja. Mama Julie hakungoja vya kutosha. Alipoipindua sufuria, nusu ya ukoko ilitoka na nusu ikabaki. Akamwangalia bintiye.

Émérence akainama, akakagua, akanusa.

"Mwaga, Mama," akasema. "Anza tena."

Mama Julie akawamwagia kuku, akarudi kuchukua unga.