Kabla ya Kunyoosha Mikono

...na akinyoosha mkono Mchungaji ataona, asione vipi na wamekaa benchi moja bega kwa bega, tena mtoto wake yeye amelala mapajani kwa huyohuyo Mchungaji, kinywa wazi, udenda unadondokea karatasi ya majina ya wanaotaka kitabu kiondolewe maktaba, na jina la kwanza ni la Mchungaji mwenyewe, herufi zimesimama wima kama yeye, huku mwenyekiti kule mbele akisoma, "Utaratibu kwanza, wazazi na vijana, kisha mikono," ah, asome mpaka kesho, maana Mchungaji akikasirika nani atamshikia mtoto asubuhi yeye akienda kushona, mama yake alishasema umezaa mwenyewe lea mwenyewe, amebaki Mchungaji tu, jina la utani la tangu darasani, binti anayeomba hata kabla ya kunywa maji, aliyemwambia usoni alipopata mimba, "Ulichofanya ni dhambi, haya, kula chungwa," akammenyea palepale... na ile michoro ya mwili ya kitabuni, Mchungaji anasema inawaharibu watoto, yeye anasema, anasema moyoni tu, kwamba angeiona mapema asingemaliza shule hajui kitu, asingeamini ule uongo kwamba mara ya kwanza mtu hashiki mimba, asinge... hapana, usilie hapa, watu wote hawa... lakini siku ya uchungu nani alikimbia maktaba kukiazima kitabu kilekile, si Mchungaji, akasimama kichwani mwa kitanda anasoma kwa sauti ya ibada, "Vuta pumzi, toa polepole, sasa nanii inaanza kufunguka," mkunga akauliza, "Nanii ndiyo nini, binti?" "Imeandikwa hapa, mama, ila mimi siitamki," wakaangua kicheko, yeye anacheka, analia, anang'ang'ania shuka, na mtoto akaingia duniani watu wanacheka... sasa kilichomfaa ni kitabu au ni ile sauti, vyote, vyote viwili, kwani nani kasema achague... "Wewe," Mchungaji ananong'ona bila kugeuza shingo, "utanyoosha kibaki, sivyo?" "Ndiyo," mtoto anakoroma kama mtu mzima, "Nilijua tu. Nitakuombea mpaka uchoke," "Niombee," "Na nikishinda usininunie," "Nikishinda mimi je?" "Mimi nitanuna, wiki nzima, usinibembeleze. Ila mtoto mlete saa moja, usinichelewee kama jana," na anamnyanyua mtoto taratibu, anamlaza begani, mkono mgongoni, puh puh puh, na mwenyekiti bado anasoma, kipengele cha tatu sijui cha nne, lakini akiuliza nani ana la kusema, yeye atasimama, atayasema yote, na Mchungaji akae hapohapo karibu, asikie vizuri, ampinge akitaka...