Fundi Nondo Anayeshika Dari

Marehemu aliingia saa ya kuanua nguo, kama kawaida yake. Alivua viatu mlangoni, akavisogeza pembeni visizibe njia, akapiga hodi akiwa keshaingia, maana alikuwa na haraka. Akasimama katikati ya sebule, kati ya meza na kochi, akainua mikono yote miwili na kubandika viganja darini. Dari lilikuwa limeshaanza kushuka. Lilishuka taratibu bila kelele, tumbo lake likielekea kwenye taa, mpaka likakuta viganja vyake. Hapo likatulia.

"Karibu, shemeji," alisema mama mwenye nyumba, kapu la nguo kiunoni. "Ila leo hilo vumbi lako usinimwagie kwenye mashuka. Nimefua tangu asubuhi."

"Samahani, dada. Nimejipangusa nje, lakini saruji haina adabu."

Mama akalihamisha kapu. Binti yao akavuta madaftari yake karibu na miguu ya mgeni, akaendelea na hesabu. Siku ya kwanza alimuuliza kama mikono haimuumi, akajibiwa kwamba mikono hapana, mabega kidogo. Basi, yakaisha.

Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa chumbani na alisikia yote. Tangu mgeni huyo aanze kuja, mwanamume mzima alikuwa hali tena sebuleni. Alikuwa akipelekewa sahani kitandani kama mzazi aliyejifungua juzi, anakula ameupa mlango mgongo. Mkewe alichoka kumuuliza. Mwenyewe alikuwa anaona aibu.

Kazini walimwita Geuza. Jina hilo alilipenda mno; alikuwa akiitika kabla mtu hajamaliza kuliita. Alikuwa mbunifu wa mihimili ya chuma, ile inayolazwa chini ya mbao wakati wa kumwaga zege la ghorofa. Zege likiwa bichi halijiwezi. Uzito wake wote unabebwa na mihimili hiyo, mpaka zege likauke na kujisimamia, kisha mihimili inafunguliwa na kupelekwa jengo jingine. Mhimili mzuri hufanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi.

Geuza aliagizwa abuni mhimili mwepesi, ambao watu wawili wangeubeba begani huku wakipiga soga. Akapunguza unene wa bati la katikati. Siku ya majaribio waliupakia mifuko ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama wanamlaza mtoto. Ukashika vizuri kabisa, wakapiga makofi. Sasa hebu niambie, nani alishaona zege linalazwa hivyo? Zege linamwagwa chungu nzima mahali pamoja, na mafundi wanaingia humohumo na mabuti yao. Geuza alilijua hilo fika. Alipiga makofi pamoja nao.

Mihimili ilirudi kutoka jengo la kwanza ikiwa imepinda. Haikupinda sana, ila jicho lilikuwa linaona. Kuikataa kungekuwa sawa na kukiri mbele ya yadi nzima kwamba bati ni jembamba. Geuza akatia mikono mfukoni, akaizunguka, akasema, "Igeuzwe. Upande uliobenuka uwe juu. Zege la safari ijayo litainyoosha lenyewe."

Na ikanyooka kweli. Kisha ikapinda upande wa pili, ikageuzwa tena, ikanyooka tena, na mchezo ukawa ndio huo. Bosi wao, ambaye wote walimwita Mzee Miwani, alimkumbatia mbele ya watu na kusema huyu ndiye msomi, wengine wanakuja kunywa chai tu. Wachomeleaji walicheka, wapakaji rangi walicheka, na jina likazaliwa pale pale. Kila mihimili iliporudi ilipakwa rangi nyekundu nzito, ikang'aa kama imetoka kiwandani asubuhi hiyo.

Jioni moja, saa ya kuanua nguo, ghorofa likiwa limemwagwa nusu, mhimili mmoja ukakatika. Fundi nondo mmoja alikuwa chini yake akikaza nguzo iliyoushikilia, na wenzake kadhaa walikuwa pembeni yake. Walieleza baadaye kwamba aliposikia chuma kikilia hakukimbia. Aliinua mikono, akaushika ule uzito, akawaambia, "Tokeni, tokeni, jamani, msinitazame!" Wakatoka wote wazima. Yeye akabaki.

Kampuni ilisema marehemu alilegeza nguzo kwa uzembe wake. Maneno hayo yalitoka ofisini, yakafika yadini, yakapanda hadi shuleni alikosoma mtoto wake, huko wenzake wakaanza kumwita mtoto wa mbomoa ghorofa. Geuza ndiye aliyetumwa kuukagua mhimili. Aliinama, akatazama pale ulipokatikia, akaona chuma kimechoka kwa kupindwa huku na huku. Hakuhitaji kupima chochote. Akaufunika kwa turubai, akaenda kunawa.

Wiki hiyohiyo alimkuta binti yake ukumbini akiwa na kiango cha nguo cha waya. Mtoto alitaka kipande cha kutengenezea ua la shuleni. Aliupinda waya huku, akaupinda kule, akarudia, mpaka ukakatika wenyewe mikononi.

"Hukuona koleo?" baba akamuuliza.

"La nini? Ukiupinda mara nyingi unachoka. Wewe ndiye ulinifundisha, baba."

Geuza akaingia chumbani na kufunga mlango. Jioni yake marehemu akaja kwa mara ya kwanza.

Siku moja alasiri mjane alifika. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara. Alisalimia vizuri, akasema amesikia mumewe anakuja huku.

"Anakuja, ila saa yake bado," alisema mama mwenye nyumba. "Kaa, nikupe chai."

Wakanywa chai, wakaongea habari za shule na maji kukatika. Mara marehemu akaingia, akavua viatu, akainua mikono. Mkewe akamtazama kuanzia nyayo hadi viganja.

"Kumbe ndiko uliko! Kwetu paa linavuja, vyungu vimeisha kwa kukinga, halafu wewe unashika dari la watu."

"Lile linavuja tu, mama watoto. Hili linaanguka."

"Umekula?"

"Nitakulaje, na mikono iko juu?"

Mjane akachukua kijiko, akamlisha mumewe akiwa amesimama kwenye ncha za vidole, na binti akamshikia sahani. Alipomaliza alifuta mdomo wa mumewe, kisha akaelekea mlango wa chumbani, akagonga.

Geuza akatoka. Hakuwa na pa kupitia pengine. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ilikuwa imara, ya zamani, ya kabla ya mihimili yake.

"Kaka, sikuja kugombana," alisema mjane. "Kesho kutwa wanatuita yadini kumaliza maneno. Ninachotaka ni kimoja. Useme mbele yao kwamba mume wangu hakulegeza nguzo. Mwanangu hataki kwenda shule. Basi tu. Hata hayo mengine, fidia na nini, siyataki."

"Nitasema, dada."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu nitasema."

Na alikusudia. Usiku ule alikula sebuleni, kwa mara ya kwanza tangu balaa lile, akiwa amekaa mkabala na magoti ya marehemu. Mkewe alimwongezea mchuzi bila kuombwa.

Siku yenyewe yadini waliweka mabenchi kivulini, karibu na mihimili iliyopangwa. Mjane alikaa mbele na mwanawe, kijana mdogo wa kike aliyevaa sare ya shule. Mafundi walisimama nyuma. Mzee Miwani alifuta miwani yake, akasema kwa sauti ya kilio kwamba kampuni ni familia, na familia haifichani.

"Kwa hiyo nimuulize mtaalamu wetu hapa hapa, kweupe. Geuza, baba, mihimili yako ina kasoro?"

Geuza akasimama. Aliona sare ya mtoto, iliyopigwa pasi. Aliwaona wachomeleaji wakimtazama kwa upendo, wakingoja kicheko. Alifikiria majengo yote ambayo mihimili ile ilikuwa imelala chini yake wakati ule, na akafikiria namna Mzee Miwani alivyomkumbatia, na lile la pili, Mungu amsamehe, ndilo lililokuwa zito zaidi. Alikuwa na neno mdomoni, amelibeba tangu nyumbani kama yai.

"Haina," akasema.

"Na ile iliyobaki kutoka kwenye lile jengo? Tuitupe?"

Geuza alihisi uso unamuwaka hadi masikioni. Mdomo wake ulikuwa umeshazoea njia moja.

"Igeuzwe," akasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa mazoea, wengine wakafuata, na mtu akapiga makofi. Mzee Miwani akatangaza kwamba maneno yamekwisha, marehemu alikuwa mtu mwema lakini mzembe, na kila mtu ana upungufu wake. Mjane alimfunga mwanawe kifungo cha kola, akamshika mkono, wakaondoka kwa kupita kando ya mihimili ambayo wapakaji rangi walikuwa wameshaanza kuipaka.

Jioni ile Geuza aliwahi nyumbani. Mkewe alikuwa ameshapata habari. Za namna hiyo zina miguu. Alianua nguo, akazikunja, akaziweka kabatini kwa utaratibu uliomuumiza mumewe kuliko matusi.

Marehemu aliingia. Safari hii aliongozana na mkewe, aliyebeba kigoda kutoka kwake. Alikiweka karibu na miguu ya mumewe, akakaa, akamwambia mama mwenye nyumba kwamba atakuwa anakuja kila jioni, maana mtu hawezi kuachwa peke yake na kazi kama ile. Mama akasema hakuna shida, akaongeza vikombe.

Dari likashuka. Usiku huo lilishuka zaidi, na marehemu akakunja magoti kidogo kulipokea.

Geuza hakuvumilia. Alivua koti, akapita katikati ya wanawake, akasimama bega kwa bega na yule fundi na kuinua mikono. Viganja vyake laini vikagusa dari. Lilikuwa baridi na bichi, na uzito wake uliingia mabegani, ukashuka mgongoni, ukafika magotini. Machozi yakamtoka, akaacha yatiririke kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi.

"Nisamehe," akasema. "Kaka, nisamehe."

Marehemu akamgeukia. Uso wake ulikuwa na vumbi na upole.

"Ile mihimili ya kwetu, imeshapakwa rangi?"

"Imeshapakwa."

"Inakwenda wapi kesho?"

"Shuleni. Wanaongeza ghorofa."

"Ya huku kwetu?"

"Ndiyo. Anakosoma mwanao."

Mjane akaweka kikombe chini. Mama mwenye nyumba akamtazama mumewe, na binti akaacha hesabu akamtazama pia. Bado kulikuwa na mwanga nje. Ofisi ya Mzee Miwani ilikuwa mwendo mfupi kutoka pale, na watu wote sebuleni walijua hivyo.

Geuza alibaki ameinua mikono.

Marehemu akangoja kwa muda wa kutosha, kama anavyongoja mtu aliyepisha mwenzake mlangoni. Kisha akahamisha viganja vyake, akapanua mikono mpaka akachukua uzito wote peke yake.

"Kaa chini, bosi," akamwambia taratibu. "Utaumia bure, wewe hujazoea. Chakula chako kinapoa."

Geuza akashusha mikono. Akakaa, akavuta sahani, akala.